Shati la Mwadime

Kitisuru,
S.L.P. 14827, Westlands
12 Machi 1986

Kwa Msahihishaji wa Fasihi,
Masomo kwa Posta, Ngara

Bwana,

Salamu nyingi. Karatasi yangu ya somo la nne imerudi na alama saba kwa ishirini. Saba! Nimeigeuza mbele na nyuma nikidhani kuna moja imejificha kando ya hiyo saba. Hakuna.

Swali liliuliza kama Mwadime wa riwaya ya *Futi Arobaini* ni shujaa. Nikasema ndiyo, tena kwa kurasa tatu. Wewe ukajibu kwa kalamu nyekundu, maneno matano tu: "Siyo. Soma mwongozo, ukurasa kumi." Nimeusoma. Unasema shujaa ni yule anayetimiza lengo lake. Ati Mwadime alichimba kisima mara tatu, mara tatu kikamshinda, na mwisho wa kitabu akaomba kamba afunge mizigo yake ahame. Kwa hivyo ni mtu wa kuonewa huruma tu.

Mimi sikubali. Mtu amechekwa na kijiji kizima, mkewe amemkimbia, na kukicha bado anabeba jembe lake anatoka. Huyo kama si shujaa ni nani?

Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba, na nitaufanya kama mtahiniwa wa kibinafsi. Bila Kiswahili chuo cha ualimu hakinichukui, kwa hivyo siulizi kwa mchezo. Nieleze, Bwana, nimekosea wapi.

Wako mtiifu (kwa sasa),
Naliaka Simiyu


Ngara, 2 Aprili 1986

Bibi Naliaka Simiyu,

Miaka kumi na mitano nasahihisha karatasi hizi, na hii ndiyo mara ya kwanza mwanafunzi kunisimamia mikono kiunoni akidai alama zake.

Nimetazama anwani yako. Kitisuru. Basi nimeelewa. Ni rahisi sana, bibi, kuketi barazani Kitisuru, chai umeletewa, ukamwona maskini anayehangaika ukamwita shujaa. Akiwa mbali anapendeza. Wengine wetu tumelala nyumba moja na watu wa namna ya Mwadime, wanaoanza na kuanguka na kuanza tena. Hatukuona ushujaa. Tuliona mama yetu akichemsha maji ili jirani wasikie sufuria ikilia.

Mwongozo uko sawa. Rudia zoezi.

N. Merali


Kitisuru,
30 Juni 1986

Bwana Merali,

Pole kwa kukawia. Barua yako ilisomwa na mtu mwingine kabla yangu, na hapo ndipo mambo yalipochafuka.

Sanduku la posta unaloliona hapo juu si langu. Ni la Bi. Vidya na mumewe, Bwana Rasiklal, ambao nawafanyia kazi ya nyumba mwaka wa sita sasa. Nilipojiandikisha ilinibidi niandike "kwa hisani ya" kisha jina lao. Sikuandika. Nikuambie ukweli, niliona haya. Nilitaka hata karatasini tu niwe mtu mwenye anwani. Zadock, dereva wao, ndiye huchukua barua posta, na bahasha zangu hunipa kimyakimya mlango wa jikoni. Aprili Zadock akaenda likizo.

Mama Vidya akafungua barua yako pamoja na zake. Hapa nyumbani mimi ni Rael, jina la ubatizo. Jina la Naliaka yeye hajawahi kulisikia. Akasoma kwamba yeye anaketi barazani analetewa chai na hajui shida za watu! Miezi miwili barua imekaa kwenye droo yake, anauliza ndugu zake wote ni nani huyu Merali wa Ngara na amemkosea nini. Wiki jana akaja jikoni uso umemwiva, akanisomea kwa sauti. "Rael, wewe unamjua Naliaka ni nani?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya unga. Nikasema, "Ni mimi, Mama."

Akanitazama. Akasema, "Kumbe unasoma." Akatoka. Mpaka leo hajasema neno lingine juu ya jambo hilo, na sijui kama Novemba nitakuwa bado na kazi.

Kwa hivyo, Bwana, hiyo chai ya barazani unayoisema, mimi ndiye ninayeileta. Barua yako iliniuma sana. Lakini bado nasema Mwadime ni shujaa.

Naliaka Simiyu


Ngara, 11 Julai 1986

Naliaka,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nisamehe. Nilimtukana mtu nisiyemjua kwa sababu ya namba ya sanduku. Umri huu wangu, ovyo kabisa. Mwambie na Mama Vidya samahani zangu, ukipata pa kuanzia.

Lakini kuomba msamaha hakunifanyi nikubali. Unisikize vizuri. Unaposema Mwadime ni shujaa kwa sababu anaamka na kuteseka tena, unawafurahisha sana watu wanaopenda wengine wateseke kimya. "Vumilia, wewe ni shujaa." Mama yangu aliambiwa hivyo mpaka akazikwa. Sitaki mwanafunzi wangu aende kufundisha watoto wa watu kwamba kuumia ni kazi ya sifa.

Nionyeshe kitu kimoja ambacho Mwadime alikifanya, siyo alichokivumilia. Na kitoke kitabuni, siyo kwenye moyo wako. Ukikipata, hiyo saba tutaizungumza.

N. Merali


Kitisuru,
24 Agosti 1986

Mwalimu,

Nimekipata! Keti chini tafadhali.

Mama Vidya ana binti anayecheza hoki. Kila Jumamosi analeta sare nyeupe, nami nazifua kwa mkono maana mashine hailiwezi vumbi letu la hapa Kitisuru, lile jekundu. Januari kukiwa kukavu, kazi ni ndogo. Nalishika shati mabegani, nalikung'uta mlangoni, wekundu wote unaruka na upepo. Aprili mvua ikinyesha, nakwambia ni vita. Udongo ukiwa mbichi unaingia ndani ya uzi. Unasugua, unaloweka, unaanika, na bado doa liko pale linakutazama.

Juzi nilikuwa nasugua nikinung'unika, na nikajisikia nimesema maneno ya kitabu. Nikaacha shati kwenye karai nikakimbia chumbani na mikono ya povu.

Fungua sura ya pili, kisima cha kwanza. "Mkewe alilikung'uta shati mlangoni, vumbi likaenda zake." Fungua sura ya tano, kisima cha pili. Vumbi tena, safari hii analikung'uta mwenyewe kwa kuwa mke ameondoka. Sasa fungua ukurasa wa mwisho kabisa. Mwadime anakula kwa jirani, na mke wa jirani amemfulia shati. "Alilifua mara mbili na udongo ukagoma kutoka." Kisha mistari mitatu tu: "Mwadime aliomba kamba. Akapewa. Akaenda."

Mwalimu, katika kitabu kizima mvua haijanyesha hata tone. Ni mwaka wa tatu wa ukame, mto umekauka, watu wanatembea siku nzima kutafuta maji. Huo udongo mbichi Mwadime aliutoa wapi?

Chini! Futi arobaini chini! Alikuwa ameyafikia maji, na hakumwambia mtu kwa sababu alishachekwa mara mbili. Kamba haikuwa ya kufunga mizigo. Ni ya ndoo.

Mke wa jirani alikuwa ameishika habari hiyo mikononi akadhani ni uchafu. Nimelia kidogo. Nimecheka pia. Sare ya hoki ilikauka na sabuni, nikaulizwa.

Naliaka


Ngara, 5 Septemba 1986

Naliaka binti Simiyu,

Nimekisoma kitabu hiki mara ishirini, labda zaidi. Nimeketi kwenye mikutano ya walimu wenye shahada, tukabishana juu ya ile kamba mpaka chai ikapoa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za shati. Hakuna hata mmoja wetu, nadhani, anayejifulia.

Saba nimeifuta. Nimeandika kumi na tisa. Moja nimeibakiza kwa sababu mimi ni mkaidi, na pia kwa sababu umejipinga mwenyewe. Ulisema yeye ni shujaa hata akishindwa. Sasa unasherehekea kwamba ameshinda. Chagua moja.

Sasa nikwambie jambo ambalo halinifurahishi. Novemba usiandike haya. Kitabu hiki hakikosekani kwenye mtihani, na wasahihishaji hufuata mwongozo mstari kwa mstari. Andika kwamba Mwadime si shujaa, alikata tamaa, akahama. Pita mtihani, nenda chuoni, uwe mwalimu. Ukishakuwa na chaki mkononi, fundisha shati upendavyo.

N. Merali


Kitisuru,
20 Oktoba 1986

Mwalimu,

Kwanza nikujibu. Sijichagulii moja. Alikuwa shujaa asubuhi ile alipoingia shimoni mara ya tatu huku akijua watacheka. Maji hayakumfanya shujaa, yalimfanya aombe kamba. Na uliniambia nikuonyeshe alichokifanya: alichimba, Mwalimu. Hakuvumilia ukame, aliuchimba. Mtu wa kuvumilia ni yule jirani aliyekaa nyumbani akimcheka.

Sasa mengine. Karatasi ya fasihi ni Jumatatu tarehe tatu Novemba. Hiyo ni siku ya mwaka mpya wao baada ya Diwali, na nyumba hii inajaa wageni kuanzia asubuhi. Ni siku ambayo mfanyakazi haombi ruhusa hata akiwa mgonjwa. Nimeomba. Nilisimama pale mlangoni.

Mama Vidya akauliza, "Mtihani wa nini?" Nikamwambia, na habari ya shati nikamwambia pia, maana lilinitoka tu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye alitolewa shule Kidato cha Pili akaolewe, na kwamba hesabu ndiyo aliyoipenda. Halafu akarudi kuwa bosi. Niende, lakini vitafunio vyote vya wageni, chevda na ganthia na zile pipi za maziwa, viwe tayari kwenye mikebe Jumapili kabla ya saa kumi. Mikebe kumi na minne!

Kwa hivyo nafanya kazi huku nakariri. Ila jambo moja linanisumbua. Nikiandika kwamba Mwadime alikata tamaa, nitakuwa kama yule mke wa jirani, nimeushika ukweli mkononi na nimesema ni uchafu. Nikiandika ninalolijua, huenda nikaanguka, na mtihani mwingine ni mwaka mzima, na mwaka mzima ni mrefu kwenye nyumba ya mtu. Niambie la kufanya. Wewe ukisema, nitafuata.

Naliaka


Ngara, 28 Oktoba 1986

Mwanangu Naliaka,

Naandika haraka ili ikufikie kabla ya Jumatatu.

Mwongozo ule niliuandika mimi. Hawakuweka jina, lakini ukurasa wa kumi ni wangu, kila nukta. Niliuandika mwaka wa sabini na moja, miezi mitatu baada ya kumzika baba yangu. Baba alikuwa fundi wa cherehani hapa Ngara. Alifungua duka mara tatu na mara tatu likafungwa, na mimi, nikiwa msichana mkubwa, ndiye niliyebeba kibao chenye jina letu kukirudisha nyumbani, watu wa mtaa wakiniangalia. Nilimkasirikia mpaka kaburini. Nilipopewa kitabu hiki nikamwona Mwadime, nikamkasirikia na yeye. Ndiyo maana nikaandika "alikata tamaa". Hakuna mahali kitabu kinaposema hivyo.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Baba alipokuwa akikoshwa, nguo zake nilipewa mimi. Kwenye mfuko wa koti nilikuta ufunguo mpya. Ulikuwa wa duka la nne. Alikuwa amelipanga wiki ile ile, hakutuambia, naye alishachekwa mara tatu. Niliurudisha kwa mwenye duka siku iliyofuata na nikasema ulikuwa wa makosa.

Basi mimi ndiye mke wa jirani, Naliaka. Nilikuwa na ufunguo mkononi.

Usinifuate mimi. Usiufuate mwongozo. Andika shati. Wakikuangusha, nitakwenda mwenyewe kwenye ofisi zao nilale mlangoni.

Na tena, kwa kuwa tunasema kweli: mimi si Bwana. Naitwa Nurjahan. Miezi saba umenidhania Bwana, nikaona nikuache, maana ulikuwa ukinigombeza kwa adabu zaidi.

Nurjahan Merali


Kitisuru,
6 Novemba 1986

Mwalimu Nurjahan! Mama! Sijui nikuite nini sasa!

Barua yako nimeipata leo Alhamisi. Zadock alikuwa akiwapeleka wageni kati ya mitaa ya Karen na Kitisuru siku tatu mfululizo, hakupita posta. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Swali la tatu: "Mwadime ni mtu wa kuhurumiwa, wala si shujaa. Jadili." Nilikaa na kalamu hewani. Nilikuwa sijapata jibu lako, na nikajiambia kunyamaza kwako ndilo jibu, kwamba umeshasema mwezi wa tisa na huna la kuongeza. Nikaanza kuandika kama mwongozo. Mstari mmoja, miwili. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka mafuta ya ganthia. Nikaiangalia. Nikakata ile mistari miwili kwa rula, taratibu, nikaanza upya: "Anayetaka kumjua Mwadime na amwulize aliyemfulia."

Nimejaza kurasa tano. Kengele ilinikuta kwenye kamba.

Kwa hivyo nilikukaidi kabla sijajua kwamba umeniruhusu. Sijui nimejifanyia nini, Mwalimu, na nimeogopa tangu Jumatatu, lakini sijutii. Na barua yako nimeilia. Pole kwa Mzee. Duka la nne!

Nilipotoka mtihani nilirudi kwa miguu kutoka barabara kuu nikijua nitakuta vyombo vimejaa sinki. Mama Vidya alikuwa amevaa sari yake ya dhahabu, amekunja pindo, anaviosha. Hakugeuka. Alisema, "Naliaka, umeandika lile la shati?"

Naliaka. Amelitamka vizuri kabisa.

Mwanao,
Naliaka


Kitisuru,
9 Machi 1987

Mwalimu Nurjahan,

Matokeo yametoka.

KISWAHILI: 2. Distinkshoni!

Mengine yamepita, ya kawaida tu, hesabu imechechemea, lakini chuo kimesema nije Mei. Mama Vidya amepiga simu kwa ukoo mzima, Kisumu mpaka Thika, anasema "wetu amepita", na Zadock amepiga honi kutoka lango hadi mlango mpaka mbwa wa majirani wakapagawa. Mimi nimekaa kwenye ngazi za jikoni nimefunika uso na aproni, nalia kama mtoto.

Wamelikubali shati, Mwalimu! Kuna mtu mahali fulani alikaa na kalamu nyekundu na mwongozo wako kando, akausukuma mbali!

Naliaka


Ngara, 14 Machi 1987

Naliaka,

Niliposoma nilipiga ukelele, jirani wa ghorofa ya juu, Bi. Chanchal, akashuka akidhani nimeanguka. Nikamsimulia yote, kuanzia kisima cha kwanza. Sasa anakitaka kitabu.

Jana nimepeleka barua kwa wachapishaji. Nimewaambia ukurasa wa kumi una makosa, kwamba mwenye makosa ni mimi, na kwamba sitaki malipo ya kuurekebisha. Wamenijibu pale pale kwamba itachukua muda. Sina haraka. Nitawasumbua.

Alasiri nilitembea mpaka kwenye duka lile la nne. Sasa wanauza vitambaa. Nilisimama nje nikasema, "Baba, nisamehe." Mwenye duka akaniuliza nataka mita ngapi. Nikanunua moja, nyeupe, yafaa shati.

Nenda, mwanangu. Nenda ukafundishe.

Nurjahan


Shule ya Msingi, karibu na Bungoma
S.L.P. 212
3 Februari 1990

Mwalimu wangu mpendwa,

Toleo jipya la mwongozo limenifikia jana. Nilifungua ukurasa wa kumi nikiwa bado posta, watu wakinisukuma. "Mwadime ni shujaa. Ushahidi uko katika shati lake, kama alivyoonyesha Naliaka Simiyu, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani, Kitisuru." Ulitaka kuniua pale kwenye foleni? Nililisoma kwa sauti. Mama mmoja mwenye kuku kikapuni akauliza huyo Naliaka ni nani. Nikamwambia.

Umeandika "mfanyakazi wa nyumbani". Zamani ningeona haya. Leo nimelipigia mstari kwa wino mweusi, na Jumatatu nitawasomea Darasa la Nane.

Kitambaa ulichonitumia nilikishona, ndilo shati ninalolivaa darasani. Linashika chaki vibaya sana. Nalikung'uta mlangoni kila jioni.

Na sasa tazama hapo juu, Mwalimu, kwenye anwani. S.L.P. 212. Hakuna "kwa hisani ya". Nimelipia mwenyewe, la kwanza maishani. Ni dogo, mlango wake unakwama, na mpaka sasa lina barua moja tu ndani, ya kwako. Lakini ni langu, na ufunguo ninao mfukoni.

Huu siurudishi.

Mwalimu Naliaka Simiyu